Wacken, Midgardsblot au Ragnarök: metali ya Kiviking uifuate wapi?

Bango la tamasha kubwa la metali, ule muziki wa rock wa magitaa mazito, likitoka tu, ugomvi huwa uleule. Mmoja atalalamika kwamba bendi ni zilezile za mwaka juzi. Mwingine atauliza hawa Waviking, yaani bendi zinazoimba juu ya mabaharia wapiganaji wa kale wa Skandinavia, wameibuka kama uyoga tangu lini, maana kila jukwaa lina jamaa wa ndevu ndefu aliyening'iniza pembe ya kunywea bia kiunoni. Wa tatu atanuna kwamba Waviking hawatoshi, na hao waliopo wamepangiwa saa saba mchana, jua la utosi, dakika 45 na kwaheri.

Huyu wa tatu ndiye ninayemwandikia, hasa akiwa Ulaya tayari au anapanga safari na pesa ya tamasha moja tu. Nimemchagulia matatu ya kulinganisha: Wacken Open Air la kaskazini mwa Ujerumani, Midgardsblot la Norwei, na Ragnarök la Lichtenfels, Bavaria. Inferno la Oslo, linalofanyika wakati wa Pasaka tangu 2001, nimeliacha makusudi. Ni zuri, lakini pale mwenye nyumba ni metali nyeusi, tawi la metali lenye mbio na giza, Waviking ni wageni waalikwa.

Nani Mviking, nani si Mviking

Ubishi huu tuumalize mapema, kwa sababu jibu lako ndilo litakalokupeleka Ujerumani au Norwei.

Chanzo ni Bathory ya Stockholm, yaani hasa mtu mmoja aliyejiita Quorthon. Kuanzia albamu yake ya 1988, na zaidi ile ya 1990, alipunguza mbio na nyimbo za mashetani, akaleta mwendo mzito wa taratibu, sauti za kwaya, mawimbi ya bahari na hadithi za Odin, mungu mkuu wa Waviking. Quorthon alifariki 2004, na nyimbo zile hakuwahi kuzipeleka jukwaani. Baba wa aina nzima ya muziki hakuzipigia katika tamasha lolote! Nikikumbuka hilo, kelele za nani kaandikwa bangoni kwa herufi kubwa na nani kwa ndogo huwa zinanichekesha.

Baada yake walikuja Enslaved kutoka Haugesund, pwani ya magharibi ya Norwei, walioanza 1991 wakiwa bado vijana wadogo kabisa. Sehemu kubwa ya albamu yao ya kwanza, ya 1994, waliiimba kwa Kiiceland, kwa kuwa ndiyo lugha hai iliyobaki karibu zaidi na ile ya Waviking. Leo muziki wao umekwenda mbali: una vinanda, una sauti laini, nyimbo zinapinda huku na huku. Anayekwenda kuwaona akitarajia fujo ya 1994 ajiandae kisaikolojia.

Halafu wapo Amon Amarth, na hapa ndipo watu hushikana mashati. Wanatoka Tumba, kusini mwa Stockholm, tangu 1992. Jina lao halitoki kwenye masimulizi ya Waviking bali kwa Tolkien, mwandishi wa riwaya wa Kiingereza. Ni jina la mlima katika hadithi zake. Wenyewe wanasema wanapiga metali ya kifo yenye melodia, na kwamba Viking ni mada ya mashairi tu, si aina ya muziki. Kimuziki wana haki. Lakini ukimuuliza mtu wa kawaida uwanjani akutajie bendi moja ya Kiviking, tisa kati ya kumi watataja hao hao. Umaarufu wa metali ya Kiviking kwenye matamasha makubwa ni, kwa kiasi kikubwa, umaarufu wa bendi moja inayokataa jina hilo.

Wengine tuwapitie haraka. Einherjer nao ni wa Haugesund. Månegarm na Thyrfing ni wa Uswidi. Moonsorrow, Ensiferum na Turisas ni Wafini, taifa ambalo lugha na miungu yake ya kale ni tofauti kabisa na ya Waviking, jambo ambalo halijamzuia mtu yeyote kuwapenda. Týr ni wa Visiwa vya Faroe na huimba tenzi za kwao za kale juu ya magitaa. Na kuna Skálmöld wa Iceland, ambao ningewatilia mkazo kwa msomaji wa Kiswahili: mashairi yao hufuata kanuni za kale za ushairi wa Iceland, yana mpangilio wa sauti na mizani isiyovunjwa. Aliyelelewa na tarbia na tathlitha hahitaji kuelewa neno hata moja ili asikie kwamba mistari hii imepimwa.

Pembeni yao wamekaa Wardruna na Heilung, ambao si metali hata kidogo. Hakuna magitaa yenye ukali, kuna ngoma, pembe, zeze na sauti za kooni. Einar Selvik wa Wardruna aliwahi kupiga ngoma katika bendi ya metali nyeusi ya Gorgoroth, baadaye akashiriki kutengeneza muziki wa tamthilia ya televisheni ya Vikings iliyoanza 2013. Tamthilia hiyo ndiyo iliyomleta kwenye viwanja hivi mtu ambaye hajawahi kumiliki fulana nyeusi maishani. Wakongwe wanawabeza wageni hao. Mimi naona wamesaidia: bila wao tamasha kama Midgardsblot lingekuwa na wakati mgumu kujaza uwanja.

Kuhusu kofia yenye pembe mbili utakayouziwa kila kona: Waviking hawakuivaa. Kofia ya chuma iliyopatikana Gjermundbu, Norwei, mwaka 1943, haina pembe. Pembe zimetoka kwenye mavazi ya opera ya mtunzi Mjerumani Wagner huko Bayreuth mwaka 1876. Amon Amarth wanajua haya yote na bado wamemketisha mpiga ngoma wao juu ya kofia kubwa yenye pembe, nami siwalaumu, inapendeza.

Wacken: umati na matope

Wacken ni kijiji cha watu wapatao 2,000 katika jimbo la Schleswig-Holstein, kilomita 80 hivi kaskazini-magharibi mwa Hamburg. Mwaka 1990 vijana wawili wa pale, Thomas Jensen na Holger Hübner, waliandaa tamasha la bendi chache za Kijerumani, wakaja watu wapatao 800. Sasa wanakuja 85,000, mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti, kwenye mashamba ambayo wiki chache kabla yalikuwa na ng'ombe. Mwaka 2017 walitandaza mabomba ya bia chini ya ardhi, kilomita kadhaa, ili malori yasiendelee kuchimba mashimo kwenye udongo uliolowa.

Udongo huo ndio habari yenyewe. Mvua ikinyesha Wacken, hutembei, unavutana na ardhi. Mwaka 2023 ilinyesha mpaka waandaaji wakasimamisha kuingiza watu, na maelfu waliokuwa na tiketi mkononi wakageuziwa njiani na kurudishiwa pesa. Kwa hiyo viatu vya mpira si pambo, ni sehemu ya nauli.

Kwa mpenzi wa Waviking, Wacken ina sura mbili. Ya kwanza ni majukwaa makuu mawili yaliyosimama bega kwa bega, moja likipumzika lingine linaunguruma. Hapo ndipo utakapowaona Amon Amarth kwa ukubwa wao wote, kama walivyokuja 2024. Kuna wimbo wao ambao maelfu ya watu huketi chini, matope au vumbi, kwa safu, kila mmoja nyuma ya mwenzake, miguu imemzunguka wa mbele, kisha wote wanapiga makasia hewani kwa pamoja. Wazee wenye mvi, wasichana wenye nyuso zilizopakwa rangi, mtu aliyevaa kama kuku kwa sababu anazozijua mwenyewe, wote wamekuwa mabaharia wa chombo kimoja. Ni upuuzi mtupu, na ni furaha ambayo sijui mahali pengine pa kuipata. Tamasha dogo haliwezi kukupa hilo hata likitaka.

Sura ya pili haionekani vizuri kwenye bango: eneo linaloitwa Wackinger, kijiji cha kuigiza cha zama za kati chenye jukwaa lake, wapiga panga, wahunzi, nyama ya kuchoma na pombe ya asali. Bendi za asili na za Kiviking ambazo hazijajaza viwanja hupangwa humo. Shabiki mjanja wa Waviking hupiga kambi karibu na upande huo, anakwenda majukwaa makuu mara moja tu kwa siku.

Ubaya wake ni umbali. Kutoka hemani hadi jukwaani unaweza kutembea nusu saa na zaidi, na ukichelewa utamtazama mwimbaji kwenye skrini kama uliyebaki nyumbani. Ubaya wa pili ni muda. Moonsorrow wana nyimbo ndefu mno; albamu yao ya 2007 ina nyimbo mbili tu, kila moja zaidi ya dakika 25. Wape bendi kama hiyo dakika 45 mchana na utapata tatu au nne kati ya zile fupi zao, ukiondoa muda wa kupima sauti. Kuona jina lao kwenye bango si sawa na kuwaona wao.

Jambo moja dogo usilikose: bendi ya matarumbeta ya kikosi cha zimamoto cha kijiji hupiga kila mwaka, na wale wenye misumari mabegani huicheza kuliko bendi nyingi zilizolipwa mamilioni.

Na kwa anayedhani sisi hatuna chetu pale: Overthrust ya Botswana, na makoti yao ya ngozi, walipanda jukwaa la Wacken 2016. Nairobi nayo ina bendi zake za metali.

Midgardsblot: kwenye makaburi yenyewe

Hili lilianza 2015, chini ya Runa Lunde Strindin, na hufanyika Agosti huko Borre, mkoa wa Vestfold, mwendo wa kama kilomita 100 kusini mwa Oslo. Mahali ndipo panapolitofautisha. Uwanja uko kwenye kituo cha makumbusho cha Midgard, kando ya bustani yenye vilima vikubwa vya makaburi ya wakuu wa kale, vingine vina kipenyo cha mita 40 na ushei. Mwaka 1852 wajenzi wa barabara waliochota kokoto kwenye kilima kimojawapo walifumua kaburi la meli ya Kiviking, na nakshi za vitu vilivyotoka humo zimewapa wanahistoria jina la mtindo mzima, mtindo wa Borre. Meli za Oseberg na Gokstad, zile ambazo picha zake zimo katika kila kitabu cha Waviking, zilichimbuliwa mkoa huohuo. Wardruna walifanya onyesho lao la kwanza 2009 mbele ya meli hiyo ya Gokstad, ndani ya makumbusho mjini Oslo.

Kwa hiyo anapoimba mtu pale kuhusu mfalme aliyezikwa na chombo chake, kaburi lipo mkono wako wa kulia. Pia kuna ukumbi mkubwa wa mbao uliojengwa upya kwa kufuata ukumbi wa kale, wenye nguzo zilizochongwa, na baadhi ya wasanii hupiga humo ndani. Asubuhi kuna mihadhara: wanaakiolojia na wanahistoria wanaeleza maandishi ya kale, mazishi, meli. Nimesikia watu wakicheka kwamba nani aende tamasha la metali kusikiliza mhadhara. Nenda. Ndipo utakapoacha kuamini nusu ya mambo yanayoimbwa jioni.

Tamasha hufunguliwa kwa sherehe inayoigiza kafara ya kale, watu wamesimama duara, ngoma na pembe zinalia, moshi unapanda. Mwislamu au Mkristo mwenye msimamo anaweza kukwazika, na namwelewa. Wengi wa waliohudhuria wanaichukulia kama maigizo, wachache wanaichukulia kama dini. Hulazimishwi, unaweza kusubiri pembeni na soda yako hadi magitaa yaanze.

Watu ni elfu chache tu. Unaweza kumfikia mwimbaji kwa macho bila skrini, na si ajabu kumkuta ananunua mkate kwenye foleni mbele yako. Bendi ndogo za Kiviking, zile ambazo kwingine zinapigishwa mchana, hapa zinapewa jioni. Kasoro yake ni kwamba upande wa ngoma na filimbi una nguvu. Kuna saa utakuwa umechoshwa na miluzi ya pembe mpaka utamani mtu achomeke gitaa kwenye umeme. Na usitarajie Amon Amarth na moto wao wote, uwanja hautoshi.

Kufika ni rahisi kuliko inavyosikika. Kuna treni kutoka Oslo kwenda kusini, kisha basi. Au unapitia Moss na kuvuka kwa pantoni hadi Horten, kama nusu saa, halafu Borre iko jirani. Aliyekulia Kigamboni au Likoni atajisikia nyumbani, isipokuwa kwa baridi na ukimya wa abiria.

Kinachouma ni bei za Norwei. Bia moja tamashani inapita kroner 100, na chakula hakiko nyuma. Usifikirie kuingia dukani ujaze mkoba: kinywaji chenye kilevi kinachozidi asilimia 4.7 huuzwa katika maduka ya serikali pekee, na hayo hufungwa mapema Jumamosi na hayafunguliwi Jumapili.

Ragnarök: ndani ya ukumbi, bila hema

Lichtenfels ni mji mdogo wa Bavaria ya kaskazini unaojulikana Ujerumani kwa ususi wa vikapu. Kila Aprili, tangu miaka ya 2000, wasusi hao wanapisha ukumbi wa mji kwa wapenzi wa metali ya kipagani, ya Kiviking na nyeusi. Tamasha liko ndani, majukwaa mawili ukumbi mmoja, bendi zinapokezana. Hakuna matope. Hakuna kutembea kilomita mbili. Hakuna jua pia, maana unaingia mchana na kutoka usiku wa manane ukiwa umesahau siku.

Kati ya haya matatu, hili ndilo lenye Waviking wengi zaidi kwa kila yuro unayolipa. Ndiyo kazi yake. Pale hutamsikia mtu akilalamika kwamba Waviking wamezidi. Aliyekwenda kalifuata hilo. Wajerumani wa karibu nao hupata nafasi, wakiwemo Varg wa Coburg, mji jirani, na nyuso zao za rangi nyekundu na nyeusi. Mandhari usiyatafute: ni ukumbi wa mikutano wenye vigae. Ila sikio lako litakaa karibu na muziki muda wote, na treni kutoka Nuremberg inachukua kama saa moja hivi.

Jambo ambalo bango haliandiki

Mtu mweusi akisema anakwenda tamasha la Waviking, swali la kwanza la dada yake nyumbani litakuwa: utakuwa salama? Ni swali la haki. Alama za maandishi ya kale ya kaskazini zilitekwa na Wanazi, na hadi leo wapo wabaguzi wanaojificha nyuma ya Thor, mungu wa ngurumo wa Waviking. Ujerumani baadhi ya alama hizo, kama zile mbili za kikosi cha SS, zimepigwa marufuku kisheria. Umati wa matamasha haya matatu kwa jumla ni wa watu waliokuja kunywa na kuimba, lakini pembezoni mwa metali ya kipagani kuna bendi zenye historia chafu. Kabla hujanunua fulana ya bendi usiyoijua, tafuta jina la wanachama wake dakika tano. Na ukiona mchoro usiouelewa kwenye koti la mtu, usimwombe akupige picha.

Kwa ukubwa wa umati, Wacken iko peke yake. Kwa utulivu wa kuuliza swali na kujibiwa, Midgardsblot. Ragnarök iko katikati, ila wengi wanajuana tangu miaka mingi, na mgeni anahitaji kama saa moja ya kukaguliwa kabla ya kukaribishwa.

Nenda wapi basi?

Kama hujawahi kwenda tamasha lolote la metali na unataka hadithi ya kuwasimulia watu, nenda Wacken, hasa mwaka ambao Amon Amarth wamo. Mwaka ambao hawamo, tiketi ya zaidi ya yuro 300 ni ghali mno kwa mtu anayefuata Waviking pekee, hata kama kambi imo ndani ya bei.

Kama umeshaijua Moonsorrow na Enslaved kwa moyo, Wacken itakukasirisha. Nenda Borre. Binafsi ndilo ningelichagua kwanza, na ningebeba mchele na maharage ya kopo kwenye begi bila aibu.

Kama mfuko ni mwembamba, au magoti hayataki tena kulala chini, Lichtenfels haina mpinzani. Na msipoteze muda kulinganisha bango la Ragnarök na la Wacken kwa kuhesabu majina makubwa. Hesabuni dakika ambazo kila bendi mnayoipenda imepewa, na saa waliyopangiwa. Mara nyingi tamasha dogo linashinda kwa hesabu hiyo, na wabishi wananyamaza.

Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo kuna hesabu nyingine. Ujerumani na Norwei zote zimo katika eneo la Schengen, kwa hiyo viza ni ya aina moja, na unaomba kwa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi. Aliye na kibali cha kuishi Ujerumani anavuka hadi Borre bila viza nyingine. Lakini maombi hayapokelewi zaidi ya miezi 6 kabla ya safari, ilhali tiketi za Wacken za mwaka unaofuata huanza kuuzwa mara tu tamasha linapoisha, na za 2023 na 2024 zilimalizika ndani ya saa chache. Yaani unalipa kwanza, miezi sita baadaye ndipo unaruhusiwa kuomba ruhusa ya kwenda. Asiyeweza kubeba hasara hiyo aanzie Lichtenfels au Borre, ambako tiketi haziishi kwa kasi hiyo, apate viza kwanza, alipe baadaye.